Jina Kwenye Kona ya Ukuta

Kosta ilitutua Madibira saa nane mchana, vumbi limetukaa kuanzia kwenye nyusi hadi kwenye kamba za viatu. Iringa mjini niliondoka alfajiri. Mafinga, nilikobadilisha gari, baridi ya Juni ilikuwa bado haijabanduka, abiria walipanda wamejitanda mashuka hadi masikioni, na kila aliyeingia alisalimu, "Kamwene!" Baada ya Sadani barabara inaanza kuteremka kwenda bonde la Usangu, na joto linapanda kadiri gari linavyoshuka. Masweta yakavuliwa moja baada ya jingine. Halafu miinuko ikaisha na uwanda wa mpunga ukafunguka mbele yetu, wa njano hadi macho yanapokoma.

Mama niliyekaa naye kiti kimoja alikuwa anakwenda kununua mpunga. Akaniuliza nimefuata nini huku. Nikamwambia nimefuata habari za tingatinga.

"Tingatinga?" akasema. "Mwanangu, yako mengi mno. Msimu huu yanasomba magunia. Ukishuka tu utayasikia."

Alisema kweli. Niliposhuka niliyasikia, na mchana kutwa sikuacha kuyasikia. Kwa Mswahili neno hilo ni la mashine: trekta, au lile dude zito la kusukuma udongo. Mimi nilimkusudia mtu, Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, aliyeuza picha nje ya duka Dar es Salaam na kuuawa mwaka 1972, kabla hajajua kwamba jina la ukoo wake lingekuwa jina la aina nzima ya uchoraji. Njia ya kutoka kwake hadi Madibira ni ndefu, lakini ipo, na ndiyo iliyonipandisha gari.

Ilianza na picha ya simu. Rafiki yangu anayefanya biashara ya mchele alinitumia picha ya magunia yake yakisubiri kupakiwa. Hakuwa na nia ya kunionyesha kitu kingine zaidi ya magunia. Lakini nyuma yake, kwenye ukuta wa mashine ya kukoboa, alikuwapo chui. Nilimtazama chui yule siku tatu. Siku ya nne nikafunga begi.

Madibira iko wilaya ya Mbarali, mkoa wa Mbeya, ingawa kwa biashara mguu wake mmoja uko Iringa, kwa sababu mchele mwingi hupandia Mafinga. Uhai wa hapa ni mto Ndembera. Unatoka nyanda za juu za Mufindi, unafika uwandani, unagawanywa kwenye mifereji na kumwagilia skimu ya takriban hekta 3,000 za wakulima wadogo. Maji yanayobaki yanakwenda kwenye ardhioevu ya Ihefu, na kutoka huko kuingia Ruaha Mkuu. Mbegu inayosifiwa ni SARO, ile inayonukia kwenye sufuria. Mpunga ukitoka vizuri, watu hulipa ada, huezeka mabati, huoa. Na hupaka kuta rangi.

Hilo la mwisho halisemwi sana, lakini ukitembea kwa miguu kuanzia stendi utaliona. Saluni ina vichwa vitano vya wanaume, kila kimoja na mtindo wake wa kunyoa. Bucha ina ng'ombe mzima, amesimama juu ya bei ya kilo. Fundi simu amechorewa simu kubwa kuliko mlango wake. Mgahawa una sahani ya wali na samaki ambaye jicho lake linang'aa kana kwamba amevuliwa asubuhi ile. Hakuna aliyenunua tiketi kuviona, na hakuna mtoto wa Madibira ambaye hajavitazama kwa makini kuliko mimi nilivyowahi kutazama chochote kwenye jumba la makumbusho.

Chui nilimkuta palepale kwenye mashine. Ana urefu wa karibu mikono mitatu. Madoa yake hayakuchovywa ovyo: kila doa ni duara jeusi lisilofunga, na ndani yake tone la rangi ya kahawia, na yanapungua ukubwa yanapokaribia makucha. Mwili umechorwa kwa ubavu, lakini kichwa kimegeuka na macho yote mawili yanakutazama wewe. Nyuma yake hakuna mlima wala nyasi. Ni buluu tupu, sawasawa, kutoka kona hadi kona. Anayezijua kazi za mwanzo za Tingatinga atasimama hapo kama nilivyosimama mimi. Mnyama mmoja, rangi moja nyuma, macho yanayomfuata mtazamaji: ndivyo Edward Saidi alivyochora.

Aliyemchora chui wa Madibira nilimpata mitaa miwili mbele, juu ya ngazi ya miti, akiandika tangazo la duka la pembejeo. Hapa anaitwa Fundi tu, kama wanavyoitwa fundi cherehani na fundi baiskeli. Ni kijana ambaye hajafika thelathini. Nilimsalimu, akanijibu bila kugeuka, kwa sababu alikuwa katikati ya herufi, na herufi ya rangi ya mafuta haingoji.

Nilikaa kumwangalia hadi alipomaliza neno lile. Kabla ya kuandika anapiga uzi: kijana mmoja anashika ncha huku, yeye anashika ncha kule, uzi umesuguliwa unga wa mkaa, wanauvuta hadi ukaze, anaubana katikati kwa vidole viwili na kuuachia. Pwaa! Mstari mweusi umenyooka ukutani kuliko rula yoyote. Herufi anazichora kwanza kwa chaki, anarudi nyuma hatua kumi, anafumba jicho moja, anafuta moja, anaisogeza kwa upana wa kidole. Rangi ni ile ya kupakia mageti, iliyolainishwa kwa petroli kidogo aliyoomba kwa dereva wa bodaboda. Brashi anayo nzuri moja. Hiyo haazimishi.

Alijifunza Makambako, kwa fundi wa mabango, miaka miwili bila mshahara. Na chui? Chui alimwona utotoni, kwenye sinia dogo la mbao lililokuwa nyumbani kwa mwalimu wake wa shule ya msingi. Hakujua limetoka wapi. "Wale ni wanyama wa Dar," aliniambia. "Mimi nawaita hivyo."

Basi tukakaa kwenye kivuli cha mashine na nikamweleza habari za wanyama wa Dar.

Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 katika kijiji cha Namochelia, wilayani Tunduru, kusini kabisa, ambako ukivuka Ruvuma uko Msumbiji. Mama alikuwa Mkristo na baba Mwislamu. Majina yake mawili yalibeba imani za pande zote mbili. Mwaka 1957 alitoka kwao kwenda Tanga, kwenye mkonge, kama walivyotoka vijana wengi wa kusini kabla yake. Vijana wale waliitwa manamba, kwa sababu kwenye daftari la shamba kila mmoja alikuwa namba. Mwaka 1959 akaingia Dar es Salaam. Akafanya kazi za nyumbani na za bustani kwa Wazungu, na baada ya uhuru akawa mtu wa kazi yoyote itakayopatikana. Alikaa Msasani. Jioni alipiga muziki kwenye kikundi cha ngoma.

Alipoanza kuchora, mwaka 1968, alikuwa na umri wa miaka 36. Hilo napenda likae kichwani mwa msomaji: hakuna aliyemfundisha, na hakuwa kijana. Katika mitaa ya Dar es Salaam aliwaona wachoraji kutoka Kongo wakiuza picha, na wateja wakitoa pesa. Akaona naye anaweza. Alichukua siling bodi, ile mbao nyembamba ya dari, akaikata vipande vya mraba vya karibu sentimita 60 kwa 60. Akachukua rangi ya kung'aa ya baiskeli. Akachora simba, chui, tembo, paa, ndege, mbuyu. Picha hazikwenda kwenye ukumbi wowote. Zilipangwa nje ya Morogoro Stores, Oyster Bay, mahali wageni na mabalozi walikokwenda kununua mboga, na mkewe, Agatha Mataka, alikuwa miongoni mwa waliosimama kuziuza.

Fundi alinikatiza hapo. "Rangi ya baiskeli inakauka upesi," alisema. "Huwezi kuichezea. Ukikosea, umekosea." Sijawahi kusoma maelezo bora zaidi ya mtindo wa Tingatinga. Wataalamu wameandika mengi juu ya mistari yake safi na rangi zake zisizochanganyikana. Fundi wa mabango alijua sababu bila kuambiwa, kwa kuwa mkono wake unapigana na rangi ya aina hiyohiyo kila siku.

Shirika la umma la sanaa, National Arts of Tanzania, lilianza kuuza kazi zake, na ndugu na vijana wa Tunduru wakaja kukaa kwake kujifunza. Akapata pia ajira hospitali ya Muhimbili. Halafu, mwaka 1972, akiwa na umri wa miaka 40 tu, polisi waliokuwa wakiwasaka majambazi wakampiga risasi kwa kumdhania mmoja wao. Uchoraji wake wote umo ndani ya miaka minne.

Nimezisoma habari hizi mara nyingi, lakini kumsimulia mtu ambaye mikono yake ina madoa ya rangi ileile kulinifanya nizisikie upya. Fundi alinyamaza. Kisha akauliza swali ambalo sikulitarajia: hao wanafunzi, waliendelea?

Waliendelea. January Linda, Adeusi Mandu, Casper Tedo, Omari Amonde, Ajaba Abdallah Mtalia na Simon Mpata ndio wa mwanzo wanaotajwa. Mpata alikwenda Nairobi, na Wajapani wakaipenda kazi yake kiasi kwamba hoteli moja ya Maasai Mara inaitwa kwa jina lake hadi leo. Waliobaki Dar es Salaam walishikana, na mwaka 1990 chama chao cha ushirika kikasajiliwa kwa jina la Tingatinga, palepale Morogoro Stores. Walioingia baadaye waliongeza watu kwenye picha, masoko, hospitali, waganga, mabasi yaliyojaa. Mnyama mmoja peke yake kwenye rangi moja akawa hadithi ya mtaa mzima. Naye George Lilanga, Mmakonde wa Masasi, aliyeanza kama mlinzi wa Nyumba ya Sanaa, aliyahamisha mashetani ya vinyago kutoka kwenye mti hadi kwenye ubao wa rangi za kung'aa, na kabla ya kufariki mwaka 2005 kazi zake zilikuwa zimeonyeshwa Ulaya na Marekani.

Swali la Fundi lilikuwa zuri kwa sababu lilinifikisha kwenye jambo lililonileta. Kwa nini Tingatinga alivuka kutoka mtaani hadi kwenye makumbusho, na maelfu waliochora mitaani hawakuvuka?

Kipaji kimo, lakini hakitoshi kuwa jibu. Kule kusini watu walichora kuta kabla yake. Mwaka 1906 Mjerumani Karl Weule alipita maeneo ya Masasi na kuweka kumbukumbu za michoro ya wenyeji, na wapo watafiti wanaodhani Tingatinga aliondoka kwao akiwa na kuta hizo kichwani. Karibu na Iringa mjini, kwenye mwamba wa Igeleke, ipo michoro ya rangi nyekundu ya watu na wanyama ambayo hakuna anayemjua aliyeichora. Kuchora mahali pa wazi, ili apitaye aone, ni jambo la kale sana katika nchi hii.

Naamini tofauti ilitoka kwenye ule ubao wa sentimita 60. Ukuta haubebeki. Siling bodi inaingia kwenye sanduku la mgeni, inapanda ndege, inatundikwa sebuleni Copenhagen, jirani anauliza imetoka wapi. Hivyo ndivyo mtaa ulivyosafiri. Kongo nako, mchoraji Tshibumba Kanda Matulu wa Lubumbashi alipaka picha zake kwenye viroba vya unga vilivyonyooshwa, akazitembeza nyumba kwa nyumba. Mwaka 1973 akakutana na mtafiti Johannes Fabian, akamchorea historia ya nchi yake katika picha zaidi ya mia moja, na kila moja akaieleza kwa Kiswahili cha Katanga. Leo picha hizo ziko Amsterdam, na Tshibumba mwenyewe hajulikani alipo tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980. Chéri Samba alianza Kinshasa kwa fundi wa mabango, mwaka 1975 akafungua karakana yake na kutundika kazi nje; aliandika maneno ndani ya picha ili mpita njia asimame kusoma, na mwaka 1989 wapita njia wakawa watu wa Paris, kwenye Centre Pompidou. Joseph Bertiers wa Dagoretti, Nairobi, alichora mabango ya mabaa na mabucha kabla majumba ya sanaa hayajamwita.

Hata Marekani mambo yalikwenda hivyo. Keith Haring alichora kwa chaki kwenye vituo vya treni za chini ya ardhi New York, juu ya karatasi nyeusi zilizofunika matangazo yaliyokwisha muda. Jean-Michel Basquiat aliandika kwenye kuta za Manhattan akijificha nyuma ya jina la SAMO. Alipohamia kwenye turubai akaanza kuitwa msanii, na mwaka 2017, miaka 29 baada ya kifo chake, turubai moja aliyoichora mwaka 1982 iliuzwa kwa zaidi ya dola milioni 110.

Lakini uko upande wa pili wa ubao, na huu unaniuma. Edward Saidi aliandika jina lake chini ya picha, kwa brashi, herufi kubwa: E. S. TINGATINGA. Wanafunzi wake nao waliandika yao. Ila wanunuzi waliishia kusoma jina moja. Nenda leo popote picha hizo zinapouzwa, Dar es Salaam, Arusha au Unguja: mteja atauliza tingatinga hii bei gani. Nimesimama kwenye meza hizo mara nyingi, na ni nadra nimsikie akiuliza imechorwa na nani, hali mchoraji amekaa hatua mbili kutoka hapo na rangi mkononi. Mwaka 2010 watoto wa Uingereza walianza kuangalia katuni za Tinga Tinga Tales, zilizotengenezwa Nairobi kwa mtindo huohuo. Jina limekwenda mbali kuliko mtu yeyote aliyelibeba. Lilivyogeuka neno la kawaida, kama trekta, mamia ya wachoraji wamemezwa ndani yake, na mimi nadhani ni wajibu wetu, sisi tunaonunua na tunaoandika, kuuliza nani.

Nilimwonyesha Fundi picha kadhaa za Tingatinga kwenye simu. Hakusema nzuri wala mbaya. Alikuza moja kwa vidole, akafuata ukingo wa shingo ya simba. "Mstari mweusi ameuweka mwisho," akasema. Akakuza tena. "Hapa mkono umetetemeka." Kisha akashuka hadi kwenye kona. "Ameandika jina."

Nilimuuliza yeye huandika nini. Akanipeleka kwenye chui. Chini kabisa, kulia, palikuwa na namba ya simu kwa rangi nyeupe, tarakimu kumi zilizonyooka. Jina hakuna. Mteja anahitaji namba, alisema; jina litamsaidia nini? Nikawakumbuka manamba wa mkonge, lakini sikusema kitu, maana kwake namba ile ni chakula. Kwa namba ile ameitwa Rujewa, Igurusi, hadi Mafinga. Ikifutika, kazi inakatika.

Na itafutika. Mwenye mashine alitueleza habari hiyo pale pale, kwa furaha ya mtu aliyepata cha bure: kampuni moja ya simu imeahidi kumpakia jengo zima rangi yake, mbele na nyuma, msimu ukiisha. Hatalipa hata senti. Kazi ya kupaka watampa Fundi, kwa kuwa ndiye aliyeko karibu. Fundi alikuwa anajua tayari. Nilipomuuliza kama chui hatamuuma, alifikiri kidogo kabla ya kujibu.

"Wataleta rangi ndoo nne, mzee. Kwa ukuta huu zinatosha tatu."

"Na ya nne?"

"Ya nne nitaomba nibaki nayo."

Siling bodi, aliniambia baadaye, inapatikana Makambako. Amekwisha kuiulizia bei. Sikumshauri kitu. Nilipiga picha ya chui kwa ukaribu, doa kwa doa, halafu kona yenye namba.

Saa kumi na moja yule mama wa kwenye kosta alifika na mzigo wake. Vibarua wakaanza kuegesha magunia ukutani, moja juu ya jingine. Namba ilizama kwanza, ikafuata miguu, kisha tumbo, hadi chui akabaki kichwa na mgongo juu ya safu ya magunia, macho yake yote mawili yakitazama barabarani. Fundi alikuwa amerudi kwenye ngazi yake, anamalizia herufi ya mwisho kabla jua halijazama.

"Mwanangu, sogea hapo!" mama akaniita. Nikasogea. Tingatinga lilikuwa linarudi nyuma kuja kupakia.